Rada kwenye mashua ndogo ya tanga Ziwa Viktoria: uifunge au uache?

Mteja anayeniuliza habari za rada mara nyingi ni wa aina moja. Ana mashua ya futi 26, mlingoti mmoja, injini ndogo ya kubandika nyuma, betri mbili za asidi, na hamu ya kwenda visiwa vya Ssese usiku ili aamkie huko. Mimi ni fundi wa umeme wa boti hapa Ggaba, Kampala. Kazi nilijifunzia Mombasa kwenye boti za uvuvi wa bahari kuu, ambako rada ni kitu cha kila siku, ndipo nikahamia huku ziwani. Kabla sijataja bei yoyote namuuliza mteja: unasafiri saa ngapi?

Ukitweka tanga saa nne asubuhi, ukazunguka Ghuba ya Murchison, ukala samaki mahali, ukarudi Kaazi au Munyonyo kabla ya magharibi, hela yako iache benki. Mchana macho yanatosha. Ukungu mzito unaokaa siku nzima, ule unaowafanya mabaharia wa Ulaya ya Kaskazini waione rada kama jambo la lazima, huku kwetu ni nadra. Asubuhi kuna utusitusi kwenye ghuba, jua likipanda unakwisha. Hata yale mawingu ya sami, wadudu wadogo wa ziwani, yanayosimama juu ya maji kama moshi wa moto wa majani, yanakupita ukiwa umefunga mdomo tu.

Rada inaanza kulipa gharama yake giza likiingia. Na tofauti na baharini, sababu ya kwanza huku si meli, ni mvua.

Mvua ya usiku

Mchana nchi kavu hupata joto haraka, upepo ukavuma kutoka ziwani kwenda bara, na mawingu yakajikusanya juu ya vilima. Usiku mambo hugeuka. Ardhi inapoa, maji yanabaki na joto lake, na upepo wa nchi kavu unateremka kutoka pande zote, wa Uganda, wa Kenya, wa Tanzania, ukaja kukutana juu ya ziwa. Ikikutana hewa hiyo haina pa kwenda ila juu, na hapo ndipo mawingu ya radi yanapozaliwa, kuanzia usiku wa manane hadi alfajiri. Kwa kuwa pepo za mashariki huyasukuma, upande wetu wa kaskazini-magharibi ndio unaoloa zaidi. Kalangala, kule Ssese, hupata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka. Tazama na msimu: Machi hadi Mei, kisha Septemba hadi Novemba, ndiyo miezi ya kuwa macho zaidi, ingawa ziwa hili halikosi mvua mwezi wowote.

Usiku usio na mwezi wingu la namna hiyo hulioni mpaka umeme umulike, na umeme haukuambii linakwenda wapi. Rada inakuambia. Rada za mashua ndogo hutumia mawimbi ya sentimita 3, na mawimbi mafupi kama hayo hurudishwa vizuri na matone ya mvua. Manahodha wa meli kubwa hulalamika kwamba mvua inawachafulia skrini. Sisi ndiyo tunayoitafuta.

Safari moja nilikuwa na mteja wangu mmoja, mzee tunayemwita Ssalongo, tumetoka Nakiwogo, Entebbe, jioni kuelekea Lutoboka kule Ssese. Upepo ulikuwa mwanana, skrini tumeiweka kwenye maili 12. Kusini-magharibi kulitokea baka lenye kingo zilizochanikachanika. Mzee akaliinamia.

"Nnyabo fundi, kile ni kisiwa?"

"Ssalongo, kisiwa hakitembei. Ngoja tukipime."

Tulilaza mstari wa uelekeo juu ya baka, tukaweka duara la umbali kwenye ukingo wake wa karibu, tukasubiri dakika sita. Ukingo ulikuwa umetoka maili 7 ukafika maili 5 na nusu, na bado ulikuwa juu ya mstari uleule. Maili moja na nusu kwa dakika sita ni maili 15 kwa saa, tena inakuja kwetu moja kwa moja. Kwa mwendo huo ilibaki dakika ishirini na kitu. Tukapunguza tanga kubwa mikunjo miwili, tukakunja la mbele lote, tukavaa majaketi, tukageuza omo kuelekea maji mapana ili tusije tukasukumwa kwenye miamba ya kisiwa. Kisha Ssalongo akamimina chai.

Upepo ulitufikia kabla ya tone la kwanza. Hilo ulishike: rada inaonyesha mvua, haionyeshi upepo. Hewa baridi inayoporomoka kutoka kwenye wingu hutangulia mvua, kwa hiyo ukipiga hesabu ya dakika ishirini, kazi zako zote za matanga ziishe ndani ya kumi. Jambo la pili ni kwamba nyuma ya mvua nzito rada haioni vizuri, kwa sababu nguvu ya mawimbi inamalizikia humo. Ukiona nafasi tupu nyuma ya baka usiifurahie. Huenda kuna wingu la pili limejificha.

Utabiri wa ziwa unaotolewa na Mamlaka ya Hali ya Hewa, UNMA, usome kila safari, uwe na rada au usiwe nayo. Utabiri utakuambia kama usiku huo ni wa kuondoka. Rada ni ya kukuelekeza ukishaondoka.

Visivyoonekana

Wauzaji wengi hawakuambii habari hii, nami huichelewesha mpaka mteja ameshakaa kwenye kiti. Hatari iliyo nyingi zaidi kwenye maji yetu ni mitumbwi ya mbao, na rada ndogo huiona vibaya sana. Mbao iliyolowa, iliyokaa chini karibu na maji, hairudishi mawimbi ya kutosha. Kinachoonekana, kikionekana, ni injini ya nyuma na miili ya watu. Ziwa likichafuka kidogo, skrini inajaa vidoadoa vya mawimbi ya maji. Ukizungusha kitufe cha kuvipunguza, unaufuta na mtumbwi pamoja navyo.

Usiku wa giza la mwezi wavuvi wa mukene, yaani dagaa, hukaa juu ya maji na taa. Zamani zilikuwa karabai, siku hizi nyingi ni za betri na sola. Ukikaribia Ssese unaona mstari wa taa kama mji. Mimi na Ssalongo tuliulinganisha mstari ule na skrini, na taa za macho zilikuwa nyingi mno kuliko alama za rada. Hao lakini si tatizo, maana wamejiwasha wenyewe. Tatizo ni mtumbwi wa nyavu za mputa, yaani sangara, uliozima taa, ama kuhifadhi betri, ama kwa kuwaogopa wezi wa injini, ama kwa kukwepa doria ya wanajeshi iliyoanza mwaka 2017. Huyo humwoni kwa macho, na kwenye rada unaweza kumwona amechelewa au usimwone kabisa. Dumu la plastiki linaloelea kwenye kona ya wavu, sahau. Gugu maji lililolala juu ya maji, sahau.

Visiwa vya mafunjo vinavyoelea ni habari nyingine kidogo. Mwaka 2020 maji yalipopanda mpaka mita 13.42 kwenye kipimo cha Jinja, juu kidogo ya rekodi ya 1964, vipande vikubwa vya ardhi na mafunjo vilikatika kutoka kingoni vikaanza kusafiri. Kimoja kilikwenda kukwama kwenye bwawa la umeme Jinja mwezi Aprili, nchi nzima ikaingia gizani. Kipande kikubwa chenye mafunjo marefu kinaweza kurudisha mwangwi hafifu, lakini mimi nisingelala nikitegemea hilo.

Kwa hiyo mtu wa kukaa omo na kutazama mbele hafukuzwi kazi kwa sababu umenunua rada. Kanuni za kimataifa za kuzuia migongano, zile za mwaka 1972 ambazo kila nahodha hufundishwa, zinalitaja hilo kwenye Kanuni ya 5: macho na masikio wakati wote. Na Kanuni ya 7 ina mtego wake kwa mwenye rada: kama unayo na inafanya kazi, unatakiwa kuitumia ipasavyo. Kuifunga mlingotini halafu ukaizima ili kuokoa betri, kisha ukagonga chombo, ni kujitafutia maswali magumu.

Chuma, na njia za bei nafuu

Meli za chuma rada inaziona vizuri. MV Kalangala inayokwenda Nakiwogo na Lutoboka, meli za mabehewa za Port Bell, meli za mafuta zinazotoka Kisumu: hizo zinatokea kwenye skrini mapema, nzito na safi. Ukubwa wa chombo si kinga. Mwaka 2005 MV Kabalega iligongana na MV Kaawa, meli dada yake, ikazama. Mashua yako ya faiba ikikaa kwenye njia ya chuma cha namna hiyo, meli inaweza kupita bila hata kusikia mtikisiko.

Kwa ajili ya meli pekee, hata hivyo, singekuuzia rada. Kipokezi cha AIS, kifaa cha kunasa habari ambazo meli hurusha zenyewe kwa redio, kina bei ndogo sana, kinakula umeme kidogo, na kinakupa jina la meli, uelekeo na mwendo wake. Udhaifu wake ni kwamba kinaonyesha tu chombo kinachorusha habari zake, na mitumbwi hairushi chochote. Ongeza kiakisi cha rada, yale mabati ya aluminiamu yaliyopandikizwa pembe kwa pembe, ukitundike juu kwenye mlingoti. Hicho hakikusaidii kuona. Kinaisaidia meli ikuone wewe. Kwa bei yake ni aibu mashua ya usiku kukosa.

Na kabla ya vyote hivyo, majaketi ya kuokolea na taa za mlingotini. MV Templar ilipozama Novemba 2018 pwani ya Mukono, ilikuwa imebeba watu kupita uwezo wake na wengi hawakuvaa majaketi. Rada isingeondoa hata abiria mmoja mle ndani. Mteja akija kwangu na bajeti ya rada na majaketi manne ya watu sita, tunaanza na majaketi.

Hesabu ya betri

Hapa ndipo wateja wengi hubadilisha mawazo, kwa hiyo fanya hesabu na kalamu.

Rada za kisasa zisizo na magnetroni, ile taa ya zamani ya kuzalisha mawimbi, hutumia takriban wati 20 zikirusha, na chini ya 10 zikiwa zimepumzika. Skrini ya inchi 9 hula karibu kiasi hichohicho. Jumla weka wati 40, ambazo kwenye mfumo wa volti 12 ni zaidi kidogo ya ampea 3. Usiku wa saa kumi ni ampea-saa 33 au zaidi. Ongeza taa za kusafiria na redio ya VHF, fikisha 45. Betri ya asidi ya ampea-saa 100 hutakiwi kuishusha chini ya nusu, yaani una 50 za kutumia. Betri moja inamalizika usiku mmoja, tena kama ni mpya. Paneli ya sola ya wati 100 kwenye siku yenye jua zuri itarudisha kama ampea-saa 30. Siku ya mawingu, pungufu ya hapo. Kwa hiyo safari ya siku mbili mfululizo inataka betri mbili na paneli mbili, au injini iwashwe.

Rada za zamani zenye magnetroni huuzwa mitumba kwa bei ya kuvutia. Zinataka kupashwa moto dakika moja na nusu hivi kabla ya kurusha, zinakula zaidi, na ile magnetroni inachakaa. Kwa meli ndogo yenye jenereta, sawa. Kwa mashua ya tanga, mimi hukataa kuzifunga.

Waya nao. Mjini Kampala kuna waya unaouzwa kwa jina la shaba. Ukikwaruza uzi mmoja kwa kisu, ndani ni mweupe, aluminiamu tupu. Ukivuta waya huo mita kumi hadi kwenye rada, volti inashuka njiani, rada inazima na kuwaka kila injini ya nanga ikishtuka, na mwenye mashua anasema rada ni mbovu. Tembea na kisu. Nunua shaba iliyopakwa bati, nene kuliko unavyodhani inahitajika.

Mlingotini au kwenye nguzo ya tezi

Umbali ambao rada inaona chombo unategemea kimo chake. Kanuni ya mabaharia: chukua kipeo cha pili cha kimo kwa mita, zidisha kwa 2.2, utapata maili za bahari. Rada ya mita 4 juu ya maji inafika maili 4.4. Ukiipandisha mita 9, inafika 6.6. Kisha unajumlisha hesabu hiyohiyo ya kile unachokitazama: meli yenye kimo cha mita 9 inaongeza 6.6 nyingine. Kwa hiyo hata rada ya chini inaweza kuiona meli ikiwa maili kama 11, na mkikaribiana kwa maili 15 kwa saa mna zaidi ya dakika arobaini. Inatosha.

Mawingu ya radi nayo yana kimo cha kilomita nyingi, upeo hauyafichi. Ndiyo sababu kwenye ziwa hili napendelea nguzo nyuma kwenye tezi. Unaifunga ukiwa umesimama, haiguswi na tanga la mbele kila ukigeuka mbisho, na kilo tano au sita hazikai juu mlingotini kuilaza mashua zaidi. Mlingotini unapata maili mbili za ziada kwa gharama ya kumpandisha fundi kwa kamba kila kukiwa na kasoro. Mimi ndiye huyo fundi, kwa hiyo pima maneno yangu.

Kuna hili la kulala kwa mashua, nalo ni la watu wa matanga pekee. Mwali wa rada hizi una wima wa digrii 25 hivi, nusu juu na nusu chini. Mashua ikilala digrii 20, upande wa joshini, unakotoka upepo, sehemu yenye nguvu ya mwali inatazama angani: kwa umbali wa maili moja inapita mita zaidi ya 200 juu ya maji. Meli inaweza kuwa pale na usiione. Upande wa demani, unakokwenda upepo, mwali unachimba maji. Kuna vishikio vinavyojisawazisha, na ni ghali. Njia ya bure ni kulegeza tanga kubwa kila baada ya dakika kumi hivi, mashua isimame wima, rada izunguke mara kadhaa, utazame, kisha uvute tena.

Pesa na makaratasi

Rada ndogo mpya ya inchi 18 huanzia kama dola 1,500 hadi 2,500 huko inakouzwa, bila skrini. Weka skrini, nguzo, waya, betri, usafirishaji, ushuru na VAT ya asilimia 18, na utakuwa umevuka shilingi milioni 12 bila kujikakamua. Hakikisha skrini na rada ni za kampuni moja, au zinaelewana kwa maandishi, maana nyingi hazizungumzi na mgeni. Rada ni chombo cha kurusha mawimbi, kwa hiyo ulizia leseni yake kwa Tume ya Mawasiliano, UCC, kabla mzigo haujafika Entebbe. Usajili na leseni ya mashua yenyewe viwe safi chini ya sheria ya usafiri wa majini ya mwaka 2021.

Sasa kata shauri. Anayevuka kwenda Ssese usiku mara kwa mara, au anayefikiria Mwanza, takriban kilomita 300 kutoka Port Bell ambazo mashua ya tanga haiwezi kuzimaliza kabla ya giza, na tayari ana majaketi, taa, kiakisi, AIS na betri mbili nzima: anunue, sitamzuia. Anayelala nanga Bulago mara mbili kwa mwaka akiwa na wageni, aongeze AIS na tochi kali, aondoke asubuhi. Aliye katikati ya hao wawili, awe na daftari msimu mmoja wa mvua. Kila safari aandike saa aliyoondoka, saa aliyofika, na kama kulikuwa na wingu ambalo angependa kuliona mapema. Ssalongo alikuja kwangu na daftari lake limejaa maji ya mvua, wino umesambaa, na nikalikubali hivyohivyo.

Ukishaifunga, usiende nayo usiku kwanza. Siku ya jua, toka hadi karibu na Bulingugwe, tia nanga, washa skrini kwenye maili 3, na utaje kila alama kwa jina lake huku ukiinua macho: kile kisiwa, ile feri, wale watu wawili kwenye mtumbwi ambao hawapo kwenye skrini. Subiri mvua ya mchana ipite ghubani, uicheze kwa vitufe mpaka ujue baka la mvua linavyofifia ukipunguza unyeti, na ukingo wa nchi kavu unavyobaki palepale. Halafu mpe nafasi mtu wako wa pili, yule atakayekuwa macho wewe ukiwa umelala, na usimsaidie. Akishaweza kukuambia mwenyewe ipi mvua na kipi kisiwa, na mvua hiyo itawafikia baada ya dakika ngapi, pangeni safari ya Lutoboka.